BAKTERIA WANAOKULA SUMU YA VIWANDA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

 Nina mzigo kifuani na nimeuleta hapa jaridani niutue.

Kila asubuhi nikija shule navuka mto kwa daraja la mbao. Sisi wa shule ya kutwa ndio tunaojua njia na mambo ya njiani. Maji ya mto huo hubadilika rangi kama kinyonga. Siku moja ni meusi, siku nyingine yana povu jeupe, na kuna siku yana rangi ya chai ya maziwa. Chini kidogo ya daraja kuna vishamba vya sukuma wiki, na kimoja ni cha mama yangu. Yeye hunyunyizia maji hayo hayo. Sukuma hiyo ndiyo inayonilipia karo, kwa hivyo mkiniona nimekaa darasani mjue nimeletwa na mto.

Sasa sikilizeni. Muhula wa kwanza mwalimu wetu wa Kemia alikuwa akitufundisha salfa na misombo yake. Alichovya karatasi katika daikromati ya potasiamu, ikawa rangi ya chungwa, kisha akaipitisha kwenye gesi ya salfa dayoksaidi. Papo hapo ikageuka kijani. Darasa zima likashangilia kama tumefunga bao. Mwalimu akasema, “Kilichogeuka hapo ni kromiamu. Ile ya rangi ya chungwa ni sumu kali, msiishike ovyo. Hii ya kijani ina nafuu.” Kisha akaongeza neno ambalo lilinikosesha usingizi: “Kuna bakteria wanaofanya kazi hii hii ndani ya maji taka, bila salfa dayoksaidi.”

Nikamwuliza maswali mpaka kengele ikalia. Baadaye nilisoma vitabu alivyoniazima, na nimeamua kuyaandika kwa Kiswahili kwa sababu mwenzangu mmoja (sitamtaja, yumo humu chamani) alidai ati Kiswahili ni cha mashairi na methali tu, hakiwezi kubeba Kemia. Basi na tuone.

Kwanza tuwajue hawa wadudu wenyewe. Tukisikia neno bakteria sisi hufikiria kipindupindu na homa ya matumbo. Kweli wapo wabaya, lakini ni wachache ukilinganisha na ukoo mzima. Bakteria wa kawaida ana urefu wa kama mikromita 2, yaani ukiwapanga 500 kwenye mstari wanajaza milimita moja ya rula yako. Hana macho, hana mdomo, hana tumbo. Ni seli moja tu yenye ukuta, utando, na uzi wa jeni ndani yake. Chakula huingia kupitia milango midogo iliyo kwenye utando, na kila mlango una aina yake ya mgeni anayeruhusiwa. Yashikeni haya mambo ya milango, kwa maana ndiyo siri ya hadithi yote.

Nguvu ya bakteria ni kuzaana. Akiwa na chakula na joto la kutosha, mmoja anaweza kugawanyika wakawa 2 kwa dakika 20 hivi. Chukua kalamu uhesabu. Baada ya saa 10 umepata migawanyiko 30, na mmoja amekuwa 1,073,741,824. Bila shaka chakula huisha kabla hawajafika mbali, la sivyo tungezama. Lakini katika umati mkubwa hivyo, hapakosi wachache waliozaliwa na kasoro fulani katika jeni, na mara moja moja kasoro hiyo huwa bahati. Sumu ikiingia mtoni, maelfu kwa maelfu hufa. Yule mwenye bahati habaki na mpinzani wa kugombania naye chakula, na kesho yake watoto wake ndio wenye mto.

Si hivyo tu. Bakteria wana tabia ambayo sisi tukiifanya kwenye mtihani tunaitiwa mzazi: wananakiliana. Mbali na uzi wake mkubwa wa jeni, bakteria wengi wana vipete vidogo vya jeni viitwavyo plasmidi. Bakteria mmoja hujiunganisha na jirani kwa kijibomba chembamba, akampa nakala ya plasmidi yake. Jirani huyo hata si lazima awe wa ukoo mmoja naye. Basi mbinu ya kushinda sumu ikigunduliwa na mmoja, inaweza kuenea bwawa zima. Mwana wa adamu angelazimika kungoja mtoto azaliwe ndipo amrithishe.

KROMIAMU NA MLANGO WA SALFETI

Turudi kwenye kromiamu, maana hiyo ndiyo iliyonianzisha safari. Viwanda vingi vya ngozi hutumia chumvi za kromiamu ili ngozi isioze. Ngozi mbichi huzungushwa katika mapipa makubwa pamoja na chumvi hiyo, na inapotoka huwa na rangi ya buluu-buluu. Mjomba wangu aliwahi kufanya kazi hiyo katika kiwanda fulani. Aliponitembelea nilimwona mikono ina vidonda vya mviringo, vidogo lakini vyenye kina, kama vilivyotobolewa kwa msumari. “Mjomba, ulipigwa na nini?” nikamwuliza. “Ni dawa tu mwanangu. Glavu zilikuwa zimeisha,” akanijibu, akaficha mikono chini ya meza. Vitabu vinasema vidonda vya namna hiyo ni dalili inayojulikana ya kromiamu kwa wafanyakazi.

Kromiamu ina hali mbili ambazo mimi naziita kromiamu tatu na kromiamu sita, kufuatana na idadi ya elektroni ilizopoteza. Kiwandani cha ngozi huingia ile tatu, ambayo haina ukali mwingi na haipendi kupenya kwenye seli. Lakini ikikutana na mazingira yanayoipokonya elektroni inageuka kuwa sita. Viwanda vinavyopaka vyuma kromiamu ili ving'ae, kama vile bampa za magari, hutumia sita moja kwa moja. Hiyo sita huyeyuka vizuri majini, husafiri mbali, na husababisha saratani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.05 za kromiamu yote kwa kila lita. Ni kiasi kidogo sana, huwezi kukiona kwa macho wala kukionja.

Sasa ule mlango. Kromiamu sita ikiwa majini hujifunga na oksijeni ikawa kromati. Umbo la kromati linafanana sana na la salfeti. Salfeti ni chakula halali, kila seli inaihitaji kwa ajili ya salfa. Kwa hivyo kromati huingia kwa kupitia mlango wa salfeti, kama mwizi aliyevaa sare ya shule. Bawabu haoni tofauti. Ikishaingia ndani, inaanza kugeuka kuwa tatu kwa vurugu, inazalisha chembe zenye hasira zinazorarua jeni. Katika seli zetu sisi binadamu mambo ni yale yale, na ndiyo sababu ya hiyo saratani.

Bakteria waliozoea maji ya viwanda vya ngozi wamejitengenezea mbinu kadhaa. Baadhi wana pampu kwenye utando. Kila kromati inapoingia, pampu inaitema nje. Fikiria mtu ambaye mtumbwi wake umetoboka lakini anayachota maji haraka kuliko yanavyoingia. Hazami. Ila tazameni vizuri, wanachama: pampu inamwokoa bakteria peke yake, sumu imerudi mtoni ilikotoka. Huyu amejua kustahimili, hajasafisha kitu. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, na hata mimi niliyachanganya katika insha yangu ya kwanza mwalimu akaniwekea mstari mwekundu.

Wengine wana kimeng'enya, yaani ile protini inayoharakisha kazi za kemia katika kiumbe. Kimeng'enya hicho hutwaa elektroni kutoka kwa chakula cha bakteria na kuikabidhi kromiamu. Ile sita ikipokea elektroni 3 inakuwa tatu. Ni yale yale ya karatasi ya chungwa na kijani! Wapo hata wanaofanya hivyo mahali pasipo na oksijeni kabisa, wakiitumia kromati kama sisi tunavyotumia hewa kupumua. Maji yakiwa si ya asidi wala besi kali, kromiamu tatu haiwezi kuendelea kuyeyuka. Inashikana na kuwa unga wa kijani-kijivu, inatua chini pamoja na tope. Maji ya juu yanabaki na nafuu.

Hapo ndipo nilipopiga makofi. Nikaenda nyumbani nikamwambia mama, “Mama, mto utasafishwa na bakteria!” Mama akaacha kuchambua mboga, akaniuliza swali moja tu: “Na hilo tope linakwenda wapi?”

Sikuwa na jibu. Mama aliishia darasa la saba, lakini swali lake halimo kwenye kitabu chetu cha Kidato cha Tatu.

SUMU INAYOVUNJIKA NA ISIYOVUNJIKA

Ilinibidi nirudi kusoma tena, na nikagundua kwamba sumu za viwandani ni za namna mbili, na bakteria huzitendea tofauti kabisa.

Namna ya kwanza ni zile zilizojengwa kwa kaboni. Chukua fenoli. Hutoka katika viwanda vya kusafisha mafuta na vya kutengeneza gundi na plastiki za aina fulani. Daktari Joseph Lister wa Glasgow alianza kuitumia mwaka 1865 kuua viini kwenye vidonda, na wagonjwa wakapona kwa wingi kuliko zamani. Yaani fenoli ni silaha ya kuulia bakteria. Sasa cheka: yuko bakteria aitwaye Pseudomonas putida ambaye hiyo silaha kwake ni ugali. Kwanza anakaza utando wake. Mafuta yaliyo kwenye utando huwa yamejipinda, yeye huyanyoosha ili yabanane, fenoli isipenye kwa urahisi. Kisha kile kidogo kinachopenya anakitengeneza. Fenoli ni pete ya kaboni 6, ngumu kuvunja. Kimeng'enya cha kwanza huiongezea oksijeni ikawa kitu kiitwacho katekoli. Kimeng'enya cha pili hukata pete, ikafunguka kama mkufu uliokatika. Vipande vinavyobaki vinaingia katika njia ile ile inayotumiwa kuchoma sukari, na mwisho wake ni nishati, maji na kaboni dayoksaidi. Sumu imekwisha. Hakuna tope la kuulizia.

Sianidi nayo ni ya namna hii, kwa kuwa ni kaboni moja na nitrojeni moja tu zilizoshikana kwa nguvu. Watu wa Pwani na wa Magharibi mwa Kenya wanaijua hata kama hawajui jina lake. Muhogo mchungu una kemikali inayotoa sianidi, na mtu akiula vivi hivi anaweza kufa. Nyanya huuloweka au huufunika uvunde kabla ya kuukausha. Vijidudu vinaulainisha, kimeng'enya cha muhogo wenyewe kinapata nafasi ya kuikata ile kemikali, na sumu inaondoka na maji au inapaa hewani. Si sawasawa na kazi ya kiwandani, maana hapa bakteria wanafungua mlango tu, lakini mnaona kwamba kuviajiri vijidudu hakukuanzia maabara.

Kisa kilichonifurahisha zaidi ni cha mji uitwao Lead, jimbo la South Dakota, Marekani. Huko kulikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu ulioitwa Homestake, uliofunguliwa miaka ya 1870 na kufungwa mwaka 2002. Dhahabu huyeyushwa kutoka kwenye mawe yaliyosagwa kwa kutumia sianidi, na maji yanayobaki yana sianidi pamoja na metali. Kwa miaka mingi kijito cha Whitewood kilipokea uchafu wa mgodi huo mpaka kikawa hakina samaki. Wataalamu walitafuta bakteria, na hawakwenda mbali kuwatafuta. Waliwapata wa jamii ya Pseudomonas katika maji machafu ya mgodi wenyewe, wakawazoesha sianidi polepole, leo kidogo, kesho zaidi. Mwaka 1984 mtambo ukaanza kazi. Ulikuwa na magurudumu makubwa yaliyozama nusu, yakizunguka taratibu. Bakteria walijishikiza kwenye magurudumu wakatengeneza utelezi, na kila mzunguko waliingia majini kula, wakatoka nje kupata oksijeni.

Hawa waligeuza sianidi kuwa kaboni dayoksaidi na amonia. Lakini amonia pia inaua samaki! Kwa hivyo magurudumu yaliyofuata yalikaliwa na bakteria wengine, wale tunaowasoma katika Bayolojia kwenye mzunguko wa nitrojeni, ambao hugeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati. Mwenye daftari la Ikolojia alifungue, atawakuta humo Nitrosomonas na Nitrobacter. Mwanzoni nilidhani wamewekwa pale kututesa kwenye mtihani, kumbe ni vibarua wa kweli. Baada ya mtambo huo kuanza, samaki aina ya trauti walirudi kuishi kijitoni.

Kufundisha bakteria kusafisha maji si jambo jipya. Edward Ardern na William Lockett, Waingereza wa Manchester, walionyesha mwaka 1914 kwamba ukipuliza hewa katika maji taka, kisha ukayaacha yatulie, usimwage tope bali ulitumie tena kwa maji mapya, kazi inakwenda kwa kasi zaidi kila mara. Tope ndilo lenye bakteria waliokwisha kuzoea. Ni kama kianzio cha maziwa lala kwenye kibuyu, hukioshi chote. Njia hiyo inatumika duniani kote mpaka leo. Hapa Nairobi, maji taka mengi hupelekwa kwenye mabwawa makubwa yaliyoko Ruai, ambayo hutegemea jua, mwani, muda na bakteria.

Namna ya pili ya sumu ni metali: kromiamu, risasi, kadimiamu, zebaki. Hizi ni elementi. Mwalimu alitueleza tangu Kidato cha Kwanza kwamba elementi haigawanyiki zaidi kwa njia za kawaida za kemia, nasi tukakariri kama kasuku bila kufikiri maana yake. Maana yake ndiyo hii: hakuna bakteria aliyezaliwa wala atakayezaliwa wa kuimaliza kromiamu. Anaweza kuibadilisha hali, kuishika kwenye ukuta wake, kuitema, kuituliza topeni. Hawezi kuifanya isiwepo.

Zebaki inaonyesha jambo hili vizuri. Bakteria wenye jeni ziitwazo mer huiingiza zebaki yenye chaji ndani kwa makusudi, wanaipa elektroni 2, inakuwa zebaki ya kawaida ambayo hugeuka mvuke na kupaa. Bakteria amepona, maji yamepona, lakini zebaki iko hewani na siku moja itashuka tena na mvua. Kwenye mtambo mzuri mvuke huo hunaswa. Kwenye mto nani ataunasa? Vibaya zaidi, kuna bakteria wengine wa topeni wanaofanya kinyume. Wao huishikiza zebaki kwenye kaboni na kutengeneza zebaki ya methili, ambayo ni hatari kuliko ile ya mwanzo na hujilimbikiza katika samaki. Huko Minamata, Japani, kiwanda cha kemikali cha Chisso kilimwaga zebaki ya aina hiyo baharini. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Watu walishikwa na kutetemeka, macho yakafifia, na watoto wakazaliwa na vilema kwa sababu mama zao walikula samaki. Nawafikiria wale wachimba dhahabu wadogo wadogo wa Migori, ambao hukamata dhahabu kwa zebaki na mikono mitupu.

Kwa hivyo anayewaita bakteria rafiki zetu anakosea, na anayewaita adui anakosea. Wanatafuta riziki tu. Tena jeni za kustahimili metali mara nyingi hukaa kwenye plasmidi moja na jeni za kustahimili dawa za hospitali. Mto wenye metali unaweza kuwa unafuga, bila mtu kukusudia, bakteria wasiosikia dawa.

JARIBIO LETU

Mimi na wenzangu watatu tulitaka kuona kwa macho. Mwalimu alikataa katakata tusiguse daikromati kwa jaribio la siku nyingi, akatupa rangi iitwayo methilini buluu. Bakteria wakiipa elektroni, rangi inapotea.

Jaribio la kwanza liliharibika. Tulitia tope la mtaro ulio nyuma ya karakana katika chupa za soda, nyingine tukalichemsha kwanza ili kuua bakteria. Asubuhi chupa zote zilikuwa zimefifia, hata ile iliyochemshwa! Tulianza kulaumiana nani hakuchemsha vizuri. Mwalimu akacheka, akatuambia udongo wa tope hunyonya rangi wenyewe, uwe na uhai usiwe nao. Tukarudia, safari hii tukaacha tope litulie na kuchota maji ya juu tu. Tulikuwa na chupa 3. Ya kwanza ilikuwa na maji ya mtaro. Ya pili ilikuwa na maji ya mtaro yaliyochemshwa. Ya tatu ilikuwa na maji ya mfereji. Kila moja tulitia kijiko cha sukari na matone ya rangi, tukaijaza hadi shingoni na kuifunga.

Siku ya pili chupa ya kwanza ilikuwa imepoteza ubuluu, ikabaki pete nyembamba ya buluu juu kabisa karibu na kifuniko. Zile mbili zilikuwa buluu vile vile. Tukarukaruka. Mwalimu akaichukua ile ya kwanza, akafungua, akamwaga kidogo, akafunga, akaitikisa kwa nguvu. Buluu ikarudi yote.

Maabara ilinyamaza. Rangi haikuwa imeliwa. Ilibadilishwa hali, na hewa ikairudisha. “Kromiamu je?” mwalimu akauliza. Kromiamu tatu si nyepesi kurudi hivyo, lakini udongo wenye oksaidi za manganizi unaweza kuigeuza kuwa sita tena. Kwa hivyo tope la kiwanda haliwezi kutupwa ovyo. Linapaswa kutengwa, kukaushwa na kufukiwa mahali palipojengewa, na chumvi ya kromiamu inaweza kukamuliwa na kutumiwa upya kiwandani kabla hata maji hayajatoka. Hiyo ya mwisho naiona ndiyo bora, maana bakteria wanabakizwa kwa kazi wanayoiweza, kuvunja mafuta na vipande vya ngozi.

Nilimweleza mama haya yote jioni moja tukifunga mafungu ya sukuma. Nilimwambia kwamba mimea huiacha kromiamu tatu zaidi mizizini, ila kadimiamu hupanda majanini kwa urahisi, na hatuwezi kujua ipi iko mtoni mpaka maji yapimwe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Sasa wataka niache?” Nikanyamaza. Akaniambia, “Leta kipimo. Kikisema ni sumu, nitahamia kupanda maua ya kuuza. Watu hawali maua.”

Mwalimu ametuandikia barua ya kuuliza bei ya kupima metali katika maabara kubwa, na mweka hazina wa chama amekubali tuchange. Tumekwisha kuchota maji mara mbili, siku ya povu na siku ya rangi ya chai, na sukuma moja pamoja na mizizi yake iko kwenye friji ya maabara, imefungwa kwa karatasi yenye jina la mama yangu. Jibu la bei halijafika.